Mkanda wa harusi na hesabu ya santuri

Katika nyumba nyingi za mjini, juu ya kabati la vyombo au katika uvungu wa kitanda, halikosekani sanduku la mikanda ya video. Mmoja ni wa harusi, wa pili ni wa ubatizo au maulidi, na wa tatu hakuna ajuaye una nini, kwa kuwa karatasi yake ilikwisha kubanduka. Deki ya kuichezesha ilikufa zamani. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa imesalia duniani katika kazi ya kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai, 2016. Basi mwenye mkanda hana budi kuuhamisha kabla deki chache zilizobaki kwa mafundi hazijakatika roho, na kabla ukungu mweupe, ambao huipenda mno hewa yenye unyevu ya pwani, haujaula mkanda wenyewe.

Vijana watasema uhamishiwe katika simu. Hawakosei, lakini yuko bibi au shangazi ambaye simu kwake ni chombo cha kupigia tu, na ambaye chini ya televisheni yake imo deki ya DVD anayoijua vizuri: hutia santuri, hufunga kijidroo, hukaa. Kwa ajili ya mtu huyo santuri ya DVD ingali na kazi. Swali ni namna ya kuuingiza mkanda mrefu katika santuri hiyo bila picha kuharibika, na hapo ndipo familia nyingi hupata hasara pasipo kujua sababu yake.

Kwetu sisi, mkanda wenyewe ulikuwa wa harusi ya dada yangu mkubwa, iliyofanyika Magomeni, mjini Dar es Salaam, mwaka 1995. Ni mkanda wa E-180, yaani wa muda wa saa tatu, nao ulijazwa mpaka mwisho. Mimi nilikuwa na umri wa miaka mitano, na naonekana humo mara moja tu, nimelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa. Lakini mara tu saa ya pili inapokwisha, baba yetu anasimama na kumwusia binti yake kwa muda wa dakika sita. Baba alifariki mwaka 2003. Sauti yake haipo mahali pengine popote.

Tulimpelekea fundi mmoja, naye baada ya siku mbili akatupa santuri moja. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Korogwe kwa ajili ya kuitazama. Watu walipokuwa wameketi picha ilivumilika. Muziki ulipoanza na wageni wakainuka kucheza, ukumbi mzima uligeuka miraba miraba. Baba aliposimama kusema, huku nyuma yake akina mama wakipunga vitambaa, miraba ile ikamfunika usoni. Shangazi alitazama kwa muda, kisha akauliza taratibu:

"Mbona kaka yangu mmemtia nyuma ya wavu?"

Hatukuwa na jibu. La ajabu ni kwamba mkanda ulipochezeshwa tena katika deki ya fundi, sura ya baba ilionekana bila wavu wowote, ingawa kwa chenga. Kwa hiyo ubovu haukutoka katika mkanda, ulizaliwa njiani.

BITI HAZIONGEZEKI

Santuri ya kawaida ya DVD, ile ya tabaka moja, huandikwa kuwa ina gigabaiti 4.7. Mtu akiitia katika kompyuta huambiwa kuwa nafasi iliyomo ni 4.38, akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa ni baiti bilioni moja kamili, na kompyuta huihesabu kuwa ni baiti 1,073,741,824. Nafasi ni ile ile. Na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, santuri nzima hubeba kiasi cha biti bilioni 37.6. Biti hizo ndizo zitakazogawanywa kwa kila sekunde ya harusi.

Filamu ya saa moja ina sekunde 3,600, na mgawo wake ni zaidi ya megabiti 10 kwa sekunde, kiasi ambacho hata deki haikihitaji, maana kanuni za DVD zinaweka ukomo wa picha kuwa megabiti 9.8. Mwenye filamu ya saa moja, basi, asijisumbue. Filamu ya saa moja na nusu hupata karibu megabiti 7, nayo ni neema. Ya saa mbili hupata megabiti 5 na kidogo, na picha bado huwa safi ikiwa mpiga video alikuwa na mkono mtulivu. Mkanda wetu wa sekunde 10,800 ulipata megabiti 3.48 tu kwa kila sekunde, picha na sauti kwa pamoja.

Niliporudi kwa fundi tukaifungua kazi yake katika kompyuta, na hapo kosa likajionyesha. Sauti ilikuwa imeachwa bila kubanwa, kwa mtindo uitwao PCM, ambao hula megabiti 1.536 kila sekunde. Ukizitoa hizo katika 3.48, picha inabakiwa na megabiti zisizotimia 2. Sauti hiyo hiyo ikibanwa kwa mtindo wa Dolby Digital hutosheka na kilobiti 192, yaani sehemu moja kwa nane, na sijui ni sikio gani lingeweza kutambua tofauti katika sauti iliyonaswa na maikrofoni ya kamera katikati ya kelele za ukumbini. Sikusudii kumlaumu kijana yule kupita kiasi. Programu yake ilikuwa imepangwa hivyo tangu aliponunua kompyuta, naye hakupata kuuliza.

Picha nayo ina tabia zake. Katika DVD hubanwa kwa utaratibu uitwao MPEG-2. Mfumo wa PAL, ambao ndio wa mikanda yetu, huonyesha picha 25 kila sekunde, lakini kompyuta haiziandiki zote kwa ukamilifu. Huandika moja kamili, kisha katika zile kumi na kitu zinazofuata huandika mabadiliko tu: mkono umeinuka, kichwa kimegeuka, ukuta umebaki pale pale. Aidha, kila picha hukatwa katika vijisanduku vya nukta 8 kwa 8. Biti zikiwa haba, kompyuta huanza kuutupa undani wa kijisanduku, mkunjo wa kanga, nywele, kope, mpaka panabaki rangi moja kavu. Huo ndio wavu wa shangazi. Ndiyo maana pia ulitokea wakati wa kucheza na wala si wakati wa kuketi.

KUKATA AU KUTOKATA

Shauri la kwanza la kila mtu ni kukata. Nami nilipendekeza tuiondoe sehemu ya zawadi: dakika 40 za foleni ya watu wenye masufuria, mablanketi na vitenge, wakipita mmoja mmoja mbele ya bibi harusi. Shangazi alinitazama.

"Mwanangu, hao unaotaka kuwakata ndio waliokwisha kufa."

Akawataja, kwa kidole, huku foleni ikipita. Alifika kumi na mmoja. Sehemu ya zawadi haikuguswa. Tulichokata ni dakika tisa ambazo mpiga video alijisahau, kamera ikiwa inaning'inia mkononi na kurekodi zulia na miguu. Hata hizo si haba: mgawo ulipanda kutoka megabiti 3.48 hadi 3.66.

Ziko santuri za tabaka mbili, zenye gigabaiti 8.5, ambazo zingeumeza mkanda wote kwa raha. Bei yake ni kubwa zaidi, na baadhi ya deki za zamani hukwama zinapovuka kutoka tabaka moja kwenda la pili. Njia nyingine, ambayo mimi huiona kuwa bora kwa filamu iliyopigwa kwa kamera nzuri, ni kuigawa kazi katika santuri mbili za kawaida, ya kwanza iishie mahali penye kituo cha maana. Haina ujanja wowote, na huiongezea kila sekunde karibu mara mbili ya biti.

Lakini kwa mkanda wa VHS iko njia ya tatu, ambayo mafundi wengi hawaitumii. Picha kamili ya DVD ni nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu. VHS haina undani wa kuujaza upana huo; uwezo wake kwa upana ni kiasi cha mistari 240 tu. Kanuni za DVD zinaruhusu picha ya 352 kwa 576, na deki yenyewe huitanua ikajaza kioo. Nukta za kuandikwa hupungua kwa zaidi ya nusu, na cha kupotea ni kidogo mno, kwa sababu nusu ile nyingine haikuwa na kitu ila chenga. Kwetu sisi, baada ya kubana sauti na kuacha akiba kidogo, picha ilipata megabiti 3.3 kwa sekunde. Kwa upana huo mdogo, ni karibu sawa na kuipa picha kamili megabiti 6.7. Harusi nzima ikaingia katika santuri moja.

Fundi alitaka kuitumia santuri ile ya kwanza kama chanzo, asihangaike na mkanda tena. Nilikataa, na kila mwenye mkanda akatae. Undani uliokwisha kutupwa haurudi, na kubana kilichobanwa huongeza ubovu juu ya ubovu. Mkanda ulirekodiwa upya katika kompyuta kwa mtindo wa DV, ambao hula takriban gigabaiti 13 kwa saa. Kwa saa tatu, karibu 40. Ni nyingi, lakini ni za muda tu, na kutoka hapo kubana hufanyika mara moja. Kabla ya hapo alisafisha vichwa vya deki. Mwenye mkanda wenye ukungu asiutie katika deki yoyote kabla haujasafishwa na mjuzi, kwani atauharibu mkanda na deki pia.

Chenga zenyewe ni walaji wakubwa wa biti. Macho yetu hayazijali, lakini kwa kompyuta kila chenga ni badiliko linalodai kuandikwa. Programu ya kuzipunguza itumike kwa mkono mwepesi. Ikizidishwa, nyuso huwa laini kama za sanamu za nta. Tulifunika pia kwa rangi nyeusi ile mistari iliyochanika iliyoko chini kabisa ya kila picha ya VHS, ambayo televisheni za zamani ziliificha nyuma ya fremu. Mwisho, fundi aliiagiza programu ifanye kazi kwa mapito mawili. Katika pito la kwanza huitazama filamu yote bila kuandika, ikipima wapi pana fujo na wapi pana utulivu. Katika la pili hugawa biti kwa haki, ikiwapunguzia walioketi na kuwapa wanaocheza. Kazi ile ilichukua usiku kucha.

Filamu za simu zina shida nyingine. Picha ya 1920 kwa 1080 itashushwa tu iingie katika DVD, kwa hiyo ile ya asili isifutwe kamwe. Na kwa kuwa simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde, kuzilazimisha ziwe 25 huufanya mwendo ukwaruze. Ni afadhali kutumia mfumo wa NTSC, ambao deki na televisheni nyingi za siku hizi husoma bila taabu.

Katika kuichoma santuri, tusiijaze mpaka ukingoni, maana makosa ya kusoma hutokea zaidi huko nje. Ikiwa imeandikwa 16x, ichomwe kwa 8x au 4x. Ifungwe, la sivyo deki ya nyumbani haitaitambua. Jina liandikwe kwa kalamu ya wino yenye ncha laini, karibu na tundu la katikati, wala isibandikwe karatasi. Kisha ijaribiwe katika deki iliyochakaa kuliko zote mtaani, kwa kuwa kompyuta husamehe mambo ambayo deki haisamehi.

Tulichoma tatu, na faili lenyewe likahifadhiwa katika diski mbili kwenye nyumba mbili tofauti. Shangazi alirudi Korogwe na santuri yake ndani ya kanga. Siku ya tatu alipiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia kwamba wakati wa usia wa baba, nyuma yake kidogo, yuko mtu amevaa kofia ya kitambaa ambaye katika santuri ya kwanza hakumtambua. Ni mume wake.

Mkanda wa asili hatukuutupa. Umo kabatini, umesimamishwa wima, na kile kipande kidogo cha plastiki kinachoruhusu kurekodi juu yake tumekivunja.