Kamera ya filamu: Piga hesabu kabla ya kuuza mahindi

MAHINDI yanapoingia ghalani na malipo ya kahawa yanapoanza kutoka, wazazi wengi wa Mbozi, Momba na Ileje hupokea maombi ya mtaji kutoka kwa watoto wao. Zamani kijana aliomba fedha ya cherehani au baiskeli. Siku hizi wapo wanaoomba fedha ya kamera ili waanze kutengeneza filamu.

Ombi hilo si la kupuuzwa. Mkoa wa Songwe una hadithi za kutosha. Tunduma pekee ina malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, wachuuzi wanaoamkia Nakonde kila siku na reli ya TAZARA inayopita mjini. Mbozi kuna kimondo cha Ndolezi, mashamba ya kahawa na baridi ya asubuhi ambayo kwenye picha huvutia.

Hata hivyo, kwa upande wa uchumi kamera haina tofauti na mashine ya kukoboa. Ni mtambo. Ukifanya kazi unarudisha fedha, ukikaa kabatini hauzalishi kitu na bei yake inashuka kila mwaka. Makala haya yanaangalia mambo ambayo familia au kikundi kinapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha ya mavuno.

Filamu za mtaji mdogo

Biashara hii Afrika ilikuzwa na wafanyabiashara wa kawaida. Nchini Nigeria, filamu ya Living in Bondage ya mwaka 1992 iligharimiwa na Kenneth Nnebue, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki na kanda za video. Haikupitia kwenye majumba ya sinema. Iliuzwa moja kwa moja kwenye kanda za VHS, na soko likafunguka.

Hapa Tanzania, filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, inahesabiwa kuwa miongoni mwa zilizofungua mlango wa kile kilichokuja kuitwa Bongo Movie. Baada yake zilifuata filamu nyingi zilizopigwa kwa kamera za video na kuuzwa kwa CD na DVD hadi vijijini.

Kamera zilizotegemewa miaka hiyo zilikuwa za mkanda mdogo wa MiniDV, kama Sony PD150 na PD170, Canon XL1 na Panasonic DVX100. Kamera hizo bado zinaonekana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, na bei yake ya chini huwavutia wanaoanza.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Picha ya MiniDV ina nukta 720 kwa 576 tu, wakati televisheni za sasa zinahitaji angalau 1920 kwa 1080. Kanda zake ni adimu, na kompyuta mpya hazina tundu la kuunganisha kamera hizo. Kamera iliyokuwa na thamani mwaka 2004 leo inafaa kwa kumbukumbu tu.

Mgawanyo wa mtaji

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kutumia fedha yote kwenye kamera. Mnunuzi hurudi nyumbani na kamera nzuri isiyo na maiki, taa wala betri ya pili. Ni sawa na mkulima aliyenunua trekta akakosa jembe la kulivuta.

Tuchukue mfano wa kikundi chenye shilingi 3,000,000. Bei hutofautiana kwa duka na kwa msimu, lakini mgawanyo unaweza kuwa hivi: kamera iliyotumika pamoja na lenzi moja, 1,500,000, maiki, 350,000, stendi ya miguu mitatu, 150,000, taa ya LED, 250,000, betri mbili na kadi mbili za ziada, 200,000, diski ya nje ya kuhifadhia kazi, 200,000, akiba ya matengenezo na vibali, 350,000.

Katika mgawanyo huo kamera imechukua nusu tu ya mtaji. Kikundi ambacho hakina kompyuta ya kuhariria kinapaswa kukubaliana mapema na mwenye kompyuta, vinginevyo bei ya kamera itabidi ishuke zaidi.

Sauti kwanza

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Sauti isiyosikika haivumilii. Maiki iliyojengwa ndani ya kamera huchukua kila kelele iliyo karibu, na Tunduma ni mji wa injini za malori, honi na spika za maduka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za lenzi, mnunuzi aulize kama kamera ina tundu la maiki ya nje na tundu la hedifoni. La kwanza humwezesha mpigaji kutumia maiki ndogo ya kubana kwenye nguo au maiki ya fimbo. La pili humwezesha kusikia kinachorekodiwa wakati huohuo, badala ya kugundua kasoro baada ya waigizaji kuondoka.

Mwaka 2015 filamu ya Kimarekani iitwayo Tangerine, ya mwongozaji Sean Baker, ilipigwa kwa simu aina ya iPhone 5s na ikasifiwa duniani. Wengi wanaotaja mfano huo husahau kwamba sauti yake haikutegemea maiki ya simu. Ilirekodiwa kwa vifaa vya kazi hiyo. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kuanza kwa kununua maiki na taa, akatengeneza filamu fupi ya majaribio, na kamera ikafuata baadaye.

Kadi, betri na saa za kurekodi

Maduka hupenda kusifia picha ya 4K. Ni kweli kwamba ina nukta mara nne ya HD ya kawaida, lakini inakula nafasi. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hutumia takribani gigabaiti 22.5 kwa saa. Kwa megabiti 100, kasi inayotumiwa na kamera nyingi za 4K, ni gigabaiti 45 kwa saa.

Filamu ya dakika 90, kila tukio likirudiwa kwa wastani mara nane, huzaa saa 12 za picha. Kwa HD hiyo ni gigabaiti 270, na kwa 4K ni 540. Kwa kuwa kazi lazima ihifadhiwe sehemu mbili tofauti, hesabu inazidishwa mara mbili. Diski ikiharibika na hakuna nakala, msimu mzima umepotea.

Jambo jingine ni muda. Kamera nyingi za picha za mnato zenye uwezo wa video zilitengenezwa zikate kurekodi zinapofika dakika 29 na sekunde 59, sababu mojawapo ikiwa ni ushuru wa Ulaya uliozitofautisha na kamera za video. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, iliyopendwa sana na watengenezaji filamu, hukata baada ya dakika 12 hivi. Kwa filamu si tatizo, kwa kuwa kila tukio ni fupi. Kwa harusi, kamera inaweza kuzima katikati ya kiapo.

Betri moja ya kamera ndogo hudumu saa moja hadi mbili ya kurekodi. Kule ambako umeme unakatika au haujafika, kamera inayochajiwa kwa waya wa USB ni nafuu zaidi, kwa sababu inaweza kutumia sola ndogo au benki ya chaji ya simu.

Kukagua kamera iliyotumika

Mnunuzi wa kamera iliyotumika asiridhike na kuiona ikiwaka. Airekodi kwa dakika 20 mfululizo aone kama inapata joto na kuzima. Arekodi akiwa ameziba lenzi, kisha aangalie kwenye skrini kubwa kama kuna nukta nyeupe zisizoondoka. Aelekeze lenzi kwenye mwanga atafute ukungu, ambao huota kwenye vioo vilivyohifadhiwa mahali penye unyevu.

Ukungu ni adui hata baada ya kununua, hasa Mbozi na Ileje wakati wa mvua. Kamera ihifadhiwe kwenye kasha linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Kiangazi adui ni vumbi, na lenzi isibadilishwe kando ya barabara.

Kamera zilizotoka Marekani na Japan nazo zikaguliwe mfumo wake. Umeme wa Tanzania na Zambia ni wa mizunguko 50, na kamera iliyofungwa kwenye picha 30 kwa sekunde inaweza kuonyesha taa zikipepesa. Inayofaa ni ile inayokubali picha 25 kwa sekunde na shata ya 1/50.

Mpaka na vibali

Wakazi wa Tunduma hujaribiwa na bei za ng'ambo. Bei ya Nakonde au Lusaka si bei ya mwisho mpaka ushuru na kodi vilipwe forodhani, na dhamana ya duka la upande wa pili ni vigumu kuidai. Aidha, anayevuka na kamera yake kwenda kupiga picha Zambia ni vyema aitangaze forodhani na kubeba risiti yake, ili asidaiwe ushuru anaporudi.

Kutengeneza filamu nchini kunahitaji kibali chini ya sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 na marekebisho yake, na msimamizi ni Bodi ya Filamu. Kazi iliyokamilika isajiliwe COSOTA ili mwenye nayo aweze kuitetea. Kupiga picha kwenye kituo cha mpakani au reli bila ruhusa ni kujitafutia matatizo.

Kamera irudishe fedha yake

Katika mfano wa shilingi milioni tatu, vifaa ukiondoa akiba vimegharimu 2,650,000. Vikipangiwa maisha ya miaka mitatu, uchakavu wake ni takribani shilingi 883,000 kwa mwaka.

Kikundi kikitengeneza filamu moja tu kwa mwaka, filamu hiyo inabeba mzigo wote, kabla ya nauli, chakula na posho za waigizaji. Kikifanya kazi 40 kwa mwaka, kila kazi inabeba takribani 22,000 tu. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama kamera itabadilishwa baada ya miaka mitatu au itauzwa kwa hasara.

Kazi hizo zipo. Sendofu, harusi na kipaimara huongezeka baada ya mavuno. Vyama vya ushirika na wauza pembejeo wanahitaji video fupi za mafunzo, na video za aina hiyo kwa Kiswahili tayari zinatumika kufundisha wakulima kupitia mashirika kama Access Agriculture. Fedha ya kazi hizo ndiyo igharimie filamu.

Mzazi anayeombwa mtaji basi amuulize kijana maswali matatu: ni kazi zipi zitalipa kamera wakati filamu inaandaliwa, nani atahariri, na maiki ni ipi. Mwenye majibu anastahili kusaidiwa. Asiyekuwa nayo apewe muda wa kuyatafuta, na mahindi yabaki ghalani mpaka arudi nayo. Haba na haba hujaza kibaba.