Mnazi hauna tawi: Mti usiotosha katika orodha ya darasani

MWANAFUNZI wa shule ya msingi akiulizwa ataje sehemu za mti, atazitiririsha bila kusita: mzizi, shina, gome, tawi, jani, ua, tunda. Mchoro wa kitabuni aghalabu huwa wa mwembe au mti unaofanana nao, na kwa mwembe orodha hiyo haina kasoro. Mzizi huushikilia mti na kufyonza maji. Shina huyapandisha. Majani hutengeneza chakula kwa nguvu za jua, nacho huteremka kupitia tabaka jembamba lililo chini ya gome. Ndiyo maana ukilibandua gome la mwembe kulizunguka shina lote, mizizi hufa njaa na mti hunyauka ukiwa wima.

Sasa mpe mwanafunzi huyo mnazi aueleze.

Mnazi hauna tawi hata moja. Kile kinachopepea kileleni ni kuti, nalo ni jani zima hata likiwa refu kuliko mtu. Najua kuna Jumapili ya Matawi, na jina hilo limekwisha kuzoeleka. Hakuna haja ya kugombana na kanisa. Lakini mtoto wa Kilifi au Kwale akiandika 'kuti' kisha akatiwa kosa eti kwa kuwa kitabu kimesema 'tawi', kosa si lake. Kwao kuti lenyewe lina sehemu zenye majina. Uti mnene wa katikati ni upongoo. Vijijani vyembamba vilivyojipanga pande mbili ni kuti pia, ila umoja wake ni ukuti. Ndani ya kila ukuti mna kijiti kinachoitwa uchukuti, na hizo njukuti, ambazo wengine huziita chelewa, ndizo hufungwa zikawa fagio. Jani kubwa kiasi hicho lingekuwa bamba moja, upepo wa kusi ungelirarua. Kwa kuwa limegawanyika, upepo hupenya katikati yake.

Gome nalo? Mnazi hauna gome kama la mwembe. Mishipa yake ya maji na chakula haikukusanyika pembeni, bali imetawanyika ndani ya shina lote. Kwa sababu hiyo mgema anaweza kukata vidato vya kukanyagia kuanzia chini hadi juu, na mti ukaendelea kuzaa. Tusidhani hauumii, hata hivyo. Kidonda cha mnazi hakifunikwi na gome jipya. Kitabaki pale maisha yote, na wadudu huweza kuingilia hapo. Zile pete zinazoonekana shinani si umri wa miaka, ni makovu ya makuti yaliyoanguka.

Kwa vile hauna matawi, mnazi huwa na chipukizi moja tu la kukulia, nalo limefichwa kileleni katikati ya makuti machanga yaliyovikwa kilifu, ule utando unaofanana na kitambaa cha gunia. Mwembe ukikatwa kichwa huchipua ubavuni. Mnazi ukikatwa kichwa, basi. Mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kileleni huogopwa na mkulima kwa sababu hiyo hiyo.

Penye kwapa la kuti hutokea panda, yaani shina la maua, likiwa limefungwa ndani ya ala ngumu iitwayo karara. Karara likipasuka, upunga huonekana, na hayo ndiyo maua. Hapa mwenye shamba hana budi kuchagua. Akimwachia mgema alifunge panda kabla halijafunguka na kulikata ncha kila siku, maji matamu yaliyokuwa yakienda kuulisha upunga yatadondoka kibuyuni yawe tembo. Panda hilo halitazaa nazi. Huku kwetu kinywaji hicho huitwa pia mnazi, hata mtu asiyejua lugha akisikia 'fulani amekunywa mnazi' atashangaa amewezaje.

Panda lililoachwa huzaa, na hapo ndipo wengi wetu wa bara tunapotumbukia. Kila kitu tunakiita nazi. Tunda likitoka tu katika upunga ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likijaa maji matamu na nyama laini ni dafu. Nyama ikianza kukauka na maji kupoteza ladha huwa koroma. Nazi ni lile lililokomaa, baada ya takriban mwaka mzima. Anayeagiza nazi akitaka kukata kiu amekosea hatua mbili, na anayeangua madafu yote leo hana nazi za kuuza baadaye.

Ganda la nje lenye nyuzi ni kumbi. Kazi yake mtini ni kulikinga tunda lianguka­po, na baharini kulielesha mpaka lifike pwani nyingine. Nyuzi zake, usumba, husokotwa kamba. Kulitoa kumbi ni kufua, kitenzi kile kile cha nguo na chuma, na kijiti chenye ncha kinachotumika ni kifuo. Tusikichanganye na kifuu, ambacho ni gamba gumu la ndani lililobaki tupu baada ya nyama kukunwa kwa mbuzi. Kabla ya kukunwa, hebu tazama upande mmoja wa gamba hilo: pana macho matatu. Mawili ni magumu. La tatu ni laini, na mche hutokea hapo, ukijilisha nyama na maji yaliyomo hadi mizizi yake ishike ardhi.

Kwa hiyo maji ya nazi ni akiba ya mche, yamo ndani tangu mwanzo. Tui halimo. Tui hupatikana nazi ikikunwa, ikatiwa maji na kukamuliwa, na makapi yanayosalia ni machicha. Mwandishi wa mapishi anayetuambia tupasue nazi 'tumimine tui' angekaribishwa jikoni Lamu aonyeshe anavyofanya.