Kabla hujasevu data zako: XLS, XLSX au CSV?

Kwenye dirisha la kusevu, wengi wetu tunaandika jina la faili, tunabonyeza, basi. Ule mstari wa chini unaouliza aina ya faili tunaupita tu. Lakini huo ndio unaoamua kipi kibaki kwenye data zako na kipi kipotee.

Tuseme umefunga kifaa msituni Magamba, juu ya Lushoto, kinachopima joto na unyevu wa hewa kila dakika 10. Kwa siku unapata mistari 144. Karatasi moja ya XLS, muundo wa zamani wa Excel, inabeba mistari 65,536 tu. Piga hesabu: itajaa baada ya siku 455, yaani mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. XLSX, iliyokuja na Excel 2007, inabeba mistari 1,048,576. Kifaa hichohicho kingechukua karibu miaka 20 kuijaza.

Usidhani ni hesabu za darasani tu. Mwaka 2020 Uingereza, matokeo ya vipimo vya Korona yalikuwa yanatoka maabara kama CSV, kisha yanaingizwa kwenye faili za XLS. Zilipojaa, yaliyozidi yakaachwa nje. Wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa.

Je, CSV ndiyo salama? Kwa kiasi. Ni maandishi matupu, hivyo haina kikomo cha mistari na inafunguka kwenye R, Python, popote. Ila inahifadhi karatasi moja tu, ile iliyo wazi mbele yako. Fomula zinabaki majibu tu, na rangi zinafutika zote. Kama maeneo ya kahawa uliyatofautisha na ya msitu kwa kupaka kijani, hutajua tena lipi ni lipi. Andika neno kwenye safu yake, usitegemee rangi. Pia ukiifungua CSV kwa kuibofya, Excel inaweza kugeuza kiploti "3-5" kuwa tarehe na kudondosha sifuri ya mwanzo kwenye namba ya simu. Ukisevu hapo, umeshaharibu.

Unaweza kuchagua muundo wa kudumu. Kwenye Excel ingia File, Options, Save, halafu "Save files in this format". Kwenye LibreOffice ni Tools, Options, Load/Save, General, kisha "Always save as". Ila kumbuka, mpangilio huo unahusu faili mpya. Faili la zamani la XLS ulilorithi litaendelea kuwa XLS mpaka ulibadilishe mwenyewe kwa "Save As". Ukiona "Compatibility Mode" juu ya dirisha, ujue bado uko kwenye XLS.

Kwa hiyo data ghafi itunze kama CSV na usiiguse. Kazi zako fanyia kwenye nakala ya XLSX. Na kila ukihamisha data, hesabu mistari kabla na baada.