Dhahabu ikiisha, pori inarudi shimoni?

Kutoka Wamaza mpaka Salamabila, na kwenye kariere zote za Kasongo na Kabambare, ulizo ni moja: siku mchanga hautoi kitu tena na watu wanahamia ngambo ingine, ile shimo inabakia ya nani? Wazee wanasema pori inarudi yenyewe. Wanasema kweli, lakini nusu tu.

Shamba la mihogo likiachwa, tunajua wote namna inaendaka. Kwanza majani, kiisha parasolye inapanda mbio na kufunika jua. Chini ya kivuli chake miti mingine inaota polepole. Parasolye yenyewe haiishi sana, miaka 20 hivi, inaanguka na kuachia wengine nafasi. Mbegu zake zililala ndani ya udongo mweusi wa juu. Zingine zililetwa na ndege na popo.

Shimo la dhahabu ni maneno mengine. Mwaka 2020, Michelle Kalamandeen wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, pamoja na wenzake, walitoa utafiti kuhusu kariere zilizoachwa kule Guyana, Amerika ya Kusini. Ndani ya mashimo na vidimbwi vya kusafishia mchanga, miaka mitatu mpaka minne imepita na mti karibu hakuna. Lakini juu ya ule udongo uliotupwa pembeni, miti iliota sawa na kwenye mashamba yaliyoachwa. Kumbe mbolea na mbegu zilibakia pale, kwenye rundo! Kilichokosekana shimoni zaidi ni azoti, chakula cha mimea. Siyo zebaki iliyozuia miti. Hata hivyo zebaki inabakia sumu kwa mtu anayeichoma na kwa samaki tunayekula, tusidanganyane.

Basi kazi yenyewe si ya ajabu. Wakati wa kufungua shimo, udongo mweusi uwekwe kando, usichanganywe na mawe. Shimo likichoka, mawe yarudi chini, mweusi juu. PDG atajibu kwamba hakuna anayemlipa kwa siku hizo za kazi, na tunaelewa: mchimbaji anakula akipata. Lakini hesabu hiyo inaangukia mama anayetafuta pa kulima mwaka unaofuata. Kode ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaomba mchimbaji mwenye karte aheshimu kanuni za maji na mazingira. Kwa maoni yetu, maneno ya udongo yapatanwe na mwenye shamba mbele ya sururu ya kwanza, wakati kila mtu angali na moyo mwepesi.

Tena shimo siyo yote. Utafiti mwingine, wa mashariki ya Kongo yetu, ulionyesha mwaka 2024 kwamba pori inayokatwa kwa ajili ya mashamba na nyumba karibu na kariere inapita angalau mara 28 ile inayokatwa kwa kuchimba. Ni sawa: watu wakifika, wanaomba mihogo, makala na mbao. Kwa hiyo kufukia mashimo peke yake hakutoshi.

Wengine wanataka kupanda mvule, kwa sababu mbao yake ina bei. Wazo zuri, lakini mvule una adui. Mdudu mdogo sana, jina lake Phytolyma, anataga mayai kwenye machipukizi. Jani linavimba kama jipu, kiisha linapasuka na kuoza, na mche unakufa kutoka kichwani. Ukipanda mvule peke yake, mistari kwa mistari juani, unamwandalia karamu. Uchanganye na miti mingine, chini ya kivuli chepesi, miche michache michache.

Yabakia vidimbwi. Mashimo mengi yatajaa maji, na watoto wataenda kuogelea; kuwakataza tu ni kupoteza sauti. Hatari kubwa ni ukingo uliokatwa wima: udongo wenye utelezi, mtoto hapati pa kushika. Wakati motopompi ingali pale, wachimbaji wanaweza kukata upande mmoja uteremke polepole, mtu mzima atembee ndani mpaka kiunoni, na pande zingine zifungwe kwa miti na miiba.