Gari la Wagonjwa Likivuka Mpaka, Nani Alipe?

Ndugu mkulima, unalijua josho la ng'ombe. Wakija ng'ombe mia au asije hata mmoja, mwangalizi hutaka mshahara wake, na dawa lazima iwemo majini. Mtu akija mara moja kwa mwezi, akalipia ng'ombe wake watano na kusema amemaliza haki yote, wenzake watanung'unika, maana ndio waliolitunza josho siku zote ambazo yeye hakuja. Hesabu ya gari la wagonjwa ni hiyo hiyo.

Hapa Roret tuko Kaunti ya Kericho, na mpaka wa Bomet hauko mbali. Zamani jambo hili halikuwa na shida, kwa kuwa Bomet ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kericho mpaka 1992. Tangu 2013 kila kaunti ina serikali yake, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya hospitali na magari ya wagonjwa. Lakini barabara hazikuhamishwa. Watu wengi wa Sotik huona Hospitali ya Kapkatet, iliyo Kericho, kuwa karibu kuliko Longisa, hospitali kuu ya kaunti yao. Na watu wa Bureti nao huenda Tenwek, iliyo Bomet.

Sasa tazama fedha. Serikali Kuu huzigawia kaunti fedha, na mojawapo ya vipimo vyake ni idadi ya watu. Katika hesabu ya 2019 Kericho ilikuwa na watu 901,777, na Bomet 875,689. Basi fedha za mtu wa Sotik huenda Bomet. Akiugua ghafula usiku na kuchukuliwa na gari la Kericho, mafuta, dereva na mganga ni gharama ya Kericho.

Wako wanaosema jirani alipe kwa kila safari tu. Tufanye mfano wa kubuni. Gari moja lagharimu shilingi 600,000 kwa mwezi kwa mishahara, bima na matengenezo, hata likilala. Kila safari huongeza shilingi 5,000 za mafuta na dawa. Mwezi huo limekwenda safari 40, na 10 kati ya hizo ni za jirani. Jirani akilipia safari peke yake atatoa 50,000, na mwenye gari atabeba zile 600,000 zote za kungoja. Mwaka wa pili atachoka. Atamwambia dereva asivuke mpaka kabla ya kupiga simu afisini kuomba ruhusa, na wakati simu hiyo inatafuta mtu wa kuipokea, mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa atakufa.

Malipo ya haki yana mafungu mawili. Fungu la kungoja ligawanywe kwa idadi ya watu ambao gari linaweza kuwafikia, wala si kwa watu wote wa kaunti, maana mtu wa Londiani hatumii gari linalolala Kapkatet. Kama theluthi moja ya watu hao wako upande wa jirani, jirani alipe 200,000 kila mwezi, aliite gari au asiliite. Fungu la safari lifuate daftari la dereva: safari 10 kwa 5,000. Jumla ni 250,000, tofauti kubwa na zile 50,000. Ikiwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024 mahali pa NHIF, imekwisha lipia safari, isitozwe mara ya pili.

Mgonjwa mwenyewe asiulizwe kaunti yake kabla ya kutibiwa. Kifungu cha 43 cha Katiba chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kaunti mbili zaweza kuunda kamati ya pamoja kwa Kifungu cha 189, na mapatano yaandikwe mapema. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowavamia watu Londiani Junction na zaidi ya 50 wakafa, hapakuwa na saa ya kuandikiana barua.

Makadirio ya fedha hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mkiitwa kutoa maoni, ulizeni kama fungu la kungoja limeandikwa, na liko ukurasa wa ngapi.