Skrini ya nje kwa laptopu ya gemu (2): Picha inapitia tundu gani?

Laptopu nyingi za gemu zina chipu mbili za michoro, na hapo ndipo uchaguzi wa skrini ya nje unapopaswa kuanzia. Chipu moja ni ndogo, imo ndani ya prosesa ya Intel au AMD, nayo hubeba kazi nyepesi kama kuandika na kutazama video ili betri idumu. Ya pili ni kubwa, mara nyingi GeForce ya Nvidia, na huamka gemu inapofunguliwa. Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi chipu hiyo kubwa inavyochora fremu. Sehemu hii inazifuata fremu zenyewe zikitoka kwenye chipu kwenda kwenye kioo, kwa kuwa fedha nyingi za wachezaji hupotelea njiani humo.

Mwaka 2010 Nvidia ilileta utaratibu uitwao Optimus. Chipu kubwa huchora picha, lakini haiipeleki yenyewe kwenye skrini. Huinakili kwenye kumbukumbu inayotumiwa na chipu ndogo, na ndogo ndiyo inayoionyesha. Betri hupona, ila kunakili huko kuna gharama: fremu hupungua kiasi na picha huchelewa kidogo. Skrini ya laptopu yenyewe mara nyingi imeungwa kwa njia hiyo. Matundu ya HDMI na DisplayPort ya ubavuni au nyuma, kinyume chake, katika mashine nyingi yameungwa moja kwa moja na chipu kubwa. Ndiyo maana mchezaji anaweza kuchomeka skrini ya nje bila kugusa kitu kingine chochote, akaona gemu ileile ikikimbia zaidi.

Mara nyingi, lakini si kila mara. Ziko laptopu ambazo HDMI yake inatoka kwenye chipu ndogo, huku USB-C ikitoka kwenye kubwa, na ziko zilizopangwa kinyume. Kuna pia USB-C zisizopitisha picha kabisa, zilizowekwa kwa ajili ya data na chaji tu. Tundu kwa macho ni lilelile, kwa hiyo umbo lake halimwambii mnunuzi kitu. Kinachosaidia ni alama ndogo ya DisplayPort au ya radi kando yake, na zaidi ya hapo maelezo ya modeli husika kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa aliyekwisha kununua, kipo kipimo cha uhakika. Programu ya Nvidia Control Panel ina ukurasa wa kupanga PhysX, na humo mna mchoro unaoonyesha skrini ipi imeungwa na chipu ipi. Hata mipangilio ya kina ya skrini ndani ya Windows hutaja jina la chipu inayoiendesha kila skrini. Ni kazi ya dakika chache, na inafaa ifanywe kabla ya kwenda dukani.

Baada ya tundu huja uwezo wa tundu. HDMI 1.4 hubeba gigabiti 10.2 kwa sekunde. Kwa picha ya 4K hiyo ni fremu 30 tu kila sekunde. HDMI 2.0, iliyotolewa mwaka 2013, hubeba gigabiti 18, nayo inatosha 4K kwa 60 Hz au 2560 kwa 1440 kwa 144 Hz. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 ilifikisha gigabiti 48 na kufungua njia ya 4K kwa 120 Hz na zaidi. Hapa mnunuzi awe macho. Mwishoni mwa 2021 ilijulikana wazi kwamba wenye kusimamia HDMI wameiunganisha 2.0 ndani ya 2.1, hivyo mtengenezaji anaruhusiwa kuandika 2.1 kwenye boksi hata kama kifaa chake hakifiki gigabiti 48. Namba ya toleo peke yake haitoshi. Kinachotafutwa ni sentensi inayotaja ukubwa wa picha na Hz zake kwa pamoja, kwa tundu hilohilo. Waya nao ni hivyo: kwa 4K ya 120 Hz, waya uliothibitishwa huwa na maandishi Ultra High Speed na alama ya kuskani kwenye pakiti.

Skrini ya 4K inavutia dukani, lakini anayebeba mzigo ni chipu. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400. Ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne ya ile ya kwanza, na zote huchorwa upya katika kila fremu. Chipu ya laptopu yenye jina sawa na kadi ya kompyuta ya mezani hupewa umeme mdogo zaidi, hivyo haifui dafu mbele ya kadi hiyo. Kwa laptopu nyingi za daraja la kati, inchi 27 za 2560 kwa 1440 ndizo zinazokaa vizuri: kiasi cha pikseli 109 kwa inchi, maandishi safi, mzigo unaobebeka. Pikseli za 1080 zikitandazwa kwenye inchi 27 hubaki 82 tu kwa inchi, na jicho linaona vidoa. Kwa 1080, inchi 24 ziwe mwisho.

Halafu kuna gemu zenyewe. Elden Ring ya mwaka 2022 imefungwa kwenye fremu 60 kwa sekunde, na Tekken 8 pia huchezwa kwa 60. Anayeishi ndani ya gemu hizo akinunua skrini ya 240 Hz analipia kasi asiyoitumia. Rangi nzuri na weusi wa kweli vingemfaa zaidi. Wa Counter-Strike 2 ana hoja tofauti: kwenye 60 Hz fremu mpya huja kila milisekunde 16.7, kwenye 144 Hz kila 6.9, na adui anayechungulia kutoka nyuma ya ukuta huonekana mapema. Skrini za mitumba kutoka maofisi ya ng'ambo, zinazouzwa kwa wingi Dar es Salaam na Nairobi, kwa kawaida ni za 60 Hz. Kwa mchezaji wa Tekken hiyo si kasoro.

Kuhusu kioo: IPS ina rangi thabiti kutoka kila upande. VA ina weusi uliokolea, ingawa nyingi huacha kivuli nyuma ya vitu vya giza vinavyokimbia. OLED inazishinda zote mbili kwa kasi na weusi, lakini picha isiyosogea kwa saa nyingi inaweza kuacha alama ya kudumu.

Fremu hazitoki kwa mwendo sawa, na skrini isiyojua kusubiri huonyesha vipande vya fremu mbili kwa pamoja, picha ikawa kama imekatwa kwa kisu. Ili skrini iisubiri fremu, Nvidia ilitangaza G-Sync mwaka 2013, ikihitaji kifaa maalumu ndani ya skrini. AMD ilifuata na FreeSync, inayotumia kanuni ya wazi ya VESA, shirika la viwango vya skrini. Januari 2019 Nvidia nayo ilizikubali skrini za kanuni hiyo, na tangu hapo mnunuzi ana uwanja mpana. Sharti moja limebaki: G-Sync haifanyi kazi kwenye tundu lililoungwa na chipu ndogo.

Skrini ikishachomekwa, Windows mara nyingi huiacha kwenye 60 Hz hata kama ni ya 165. Mwenyewe lazima aingie kwenye mipangilio ya kina ya skrini achague namba ya juu. Kisha abonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, achague picha itokee kwenye skrini ya pili pekee, ili chipu isihudumie vioo viwili. Mfuniko ni afadhali ubaki wazi, maana baadhi ya laptopu huvuta hewa kupitia kibodi. Chaja ya laptopu isiachwe: skrini nyingi za USB-C hutoa wati 65 au 90, wakati adapta za laptopu za gemu kwa kawaida ni za wati 180 na kuendelea.

Umeme ukikatika, laptopu hubaki hai kwa betri yake, lakini skrini ya nje huzima papo hapo, gemu hurudi kwenye skrini ndogo na fremu hushuka. Skrini ya inchi 27 haili umeme mwingi. UPS ndogo inatosha kuiwasha hadi mchezaji ahifadhi gemu yake na kufunga kwa utaratibu.