Maji Yasiyopita Mitamboni

Mto Kihansi huanzia kwenye nyanda za juu za Mufindi na Kilolo mkoani Iringa, hupokea vijito vya mabonde yenye bustani za kiangazi, kisha hufika ukingo wa Milima ya Udzungwa na kuporomoka kuelekea Bonde la Kilombero. Ndani ya kilomita chache mto huo hushuka zaidi ya mita 800. Nguvu ya umeme wa maji hutokana na mambo mawili, wingi wa maji na kimo cha kudondoka kwake, na Kihansi ina kimo ambacho mito mingi ya Afrika haina. Mita moja ya ujazo ya maji ikidondoka kila sekunde kutoka kimo cha mita 850, na mitambo ikinasa sehemu tisa kwa kumi ya nguvu yake, hupatikana megawati saba na nusu hivi. Hesabu hiyo fupi inafaa ikumbukwe, kwa sababu mgogoro wote wa Kihansi umefungwa ndani yake.

Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, lilijenga kituo cha Kihansi katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za wafadhili wa Ulaya. Bwawa lake ni fupi, mita 25 tu. Maji huingia kwenye shimo lililochimbwa wima ndani ya mwamba, hupita handakini, huzungusha mitambo mitatu iliyo chini ya ardhi, kila mmoja wa megawati 60, kisha hurudishwa mtoni upande wa chini wa korongo. Kituo kilipoanza kazi mwaka 2000, megawati zake 180 ziliifanya Kihansi kuwa ya pili kwa ukubwa kati ya vituo vya maji nchini, nyuma ya Kidatu yenye megawati 204.

Kwa vipimo vilivyozoeleka, mradi huo ulionekana safi. Ziwa lake ni dogo, kwa hiyo halikuzamisha vijiji wala mashamba makubwa kama mabwawa mengine yalivyofanya. Tathmini ya athari kwa mazingira ilifanyika, lakini haikulichunguza kwa karibu korongo lililo kati ya bwawa na mahali maji yanaporudi mtoni. Palikuwa na mwinuko mkali, mawe yenye utelezi na mngurumo wa maji, mahali ambapo hapana shamba wala nyumba ya mtu. Wanasayansi waliingia humo mwaka 1996 katika kazi ya ufuatiliaji, wakati ujenzi ulikuwa umeshaanza.

Walichokikuta ni bustani isiyo na mfano. Maporomoko ya Kihansi yalikuwa yakirusha manyunyu mazito mchana na usiku, mwaka mzima, na manyunyu hayo yalilowesha vipande vya mteremko ambavyo kwa jumla havifiki eneo kubwa kuliko viwanja viwili vitatu vya mpira. Juu ya miamba kulitanda zulia la kuvumwani, majani laini na nyasi fupi, lenye ubaridi na unyevu usiobadilika. Ndani ya zulia hilo waliishi vyura wadogo wa rangi ya manjano, maelfu kwa maelfu, ambao hawajawahi kuonekana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1999 walipewa jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis. Watanzania humwita chura wa Kihansi.

Chura huyu anastahili kutazamwa kwa karibu. Jike aliyekomaa hana urefu wa sentimita tatu, na dume ni mdogo zaidi. Hatagi mayai dimbwini kama vyura wengi wafanyavyo. Mayai huanguliwa tumboni mwa mama, na vitoto huzaliwa vikiwa vyura kamili, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi anayeogelea majini. Kitoto kinapozaliwa kina urefu wa milimita tano hivi na rangi ya zambarau iliyofifia, kiasi kwamba kikikaa juu ya ukucha wa kidole gumba bado hubaki nafasi. Ngozi ya mama ni nyembamba, na mtu huweza kuona kwa nje vivuli vya watoto walio tumboni. Mwili wa namna hii umetengenezwa kwa ajili ya manyunyu, na ukikosa unyevu kwa muda mfupi tu hukauka.

Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa mitamboni, korongo lilipoteza sehemu tisa kwa kumi ya mtiririko wake. Mngurumo ulikoma na manyunyu yakatoweka karibu yote. Zulia lilianza kunyauka, magugu ya nchi kavu yakaingia, na siafu wakapata njia ya kufika mahali ambapo zamani maji yaliwazuia. Ili kuokoa korongo, mabomba yalitandazwa humo na kufungwa vinyunyizio vidogo vinavyosukumwa na mteremko wa maji yenyewe, bila pampu. Nchi ikawa inatengeneza kwa bomba kile ambacho mto ulikuwa ukikitoa bure. Kazi hiyo haina fahari hata kidogo: mchanga na majani huziba matundu, na lazima mtu ashuke kwenye mawe yenye utelezi azibue vichujio, leo, kesho na keshokutwa. Hata hivyo vinyunyizio vilisaidia. Kufikia katikati ya mwaka 2003 idadi ya vyura ilikuwa imepanda tena hadi kukadiriwa kuwa karibu 20,000.

Kisha, ndani ya miezi michache, wakapukutika. Mwanzoni mwa mwaka 2004 watafiti waliwahesabu wachache mno, na baada ya mwaka 2005 hakuna aliyethibitishwa kuonekana porini. Sababu kuu inayoaminika ni ugonjwa wa kuvu aina ya kitridi, ambao hushambulia ngozi ya vyura na umeshateketeza jamii nyingi za wanyama hao duniani. Mambo mengine mawili yalitukia karibu na wakati huohuo: vinyunyizio vilikuwa na hitilafu, na milango ya chini ya bwawa ilifunguliwa kwa majaribio ili kusafisha tope, na tope hilo lilibeba mabaki ya viuatilifu vya mashambani. Uzito wa kila sababu bado unajadiliwa, lakini kiumbe aliyekwisha kudhoofishwa na ukame hana akiba ya kupambana na maradhi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi aliorodheshwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Alisalimika kwa sababu ya tahadhari iliyochukuliwa mapema. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani. Huko nako walikaribia kuisha, wakabaki makumi machache, hadi watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walipoelewa mahitaji yao ya mwanga, chakula na unyevu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wengine wapatao 2,000 wakaachiwa korongoni, na makundi mengine yakafuata. Mtu anayeingia korongoni hutakiwa kusafisha viatu vyake kwa dawa asije akabeba kuvu. Makazi ya chura hadi leo yanategemea vinyunyizio na maji ambayo TANESCO inayaacha yapite.

Maji hayo ndiyo kiini cha jambo. Wastani wa mtiririko wa Kihansi ni mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde. Kibali cha maji kinalitaka shirika liache karibu mbili zipite korongoni, na kwa hesabu ya mwanzo, hizo ni megawati 15 zinazoachwa wakati wote. Katika miaka ya mgao mkali wa umeme, kama 2006, megawati 15 zilikuwa na maana kubwa kwa kiwanda, hospitali na fundi wa kuchomelea vyuma aliyekaa kibarazani akisubiri umeme urudi. Ndiyo maana swali la chura au umeme liliulizwa kwa hasira na watu wenye akili timamu. Jibu lake haliwezi kuwa kwamba umeme hauna thamani. Jibu ni kwamba gharama hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila haikuandikwa kwenye hesabu za mradi. Laiti korongo lingechunguzwa kabla ya kuchimba handaki, mgawo wa maji ungepangwa mapema, pengine kwa mitambo ya ukubwa tofauti, na nchi isingelipia mabomba, ndege na maabara.

Mashirika ya umeme hupenda kuonyesha wajibu wake kwa madawati ya shule, vitanda vya zahanati na miche ya Siku ya Mazingira. Misaada hiyo ni mizuri na wanaoipokea wanaihitaji. Lakini madhara makubwa ya shirika la umeme hutokana na kazi yake ya kila siku, kwa hiyo wajibu wake mzito umo kwenye mwongozo wa kuendeshea bwawa: mlango upi ufunguliwe, lini, kwa kiasi gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ililipa jambo hili meno, kwa kuitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC.

Upande wa juu wa bwawa la Kihansi kuna watu, na hao nao wamo kwenye hesabu. Wakulima wa Mufindi na Kilolo hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotegemea unyevu wa ardhi wakati wa kiangazi, na humo hupata mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Kinyungu kikilimwa hadi ukingo wa kijito, udongo na dawa huishia bwawani. Kukipiga marufuku ni kumnyang'anya mkulima chakula cha miezi ya njaa. Njia yenye matumaini ni kulima kwa kuacha ukingo wenye majani na kupunguza dawa, na njia hiyo inahitaji mabwana shamba wanaofika kijijini mara kwa mara.

Haki kwa watu wa upande wa juu wa bwawa ilikosekana zaidi kwenye Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na lawama ya upungufu wa maji katika mabwawa ya Mtera na Kidatu ikawa ikielekezwa kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa bonde la Usangu, upande wa juu wa mto. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu kwa nguvu. Watafiti waliopitia kumbukumbu za Mtera walieleza kwamba namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa, kwa kutoa maji mengi kuliko ilivyostahili katika miaka mizuri, nayo ilichangia uhaba. Lawama iliwaendea waliokuwa juu ya mto, na ng'ombe wakaswagwa mamia ya kilomita, ilhali sehemu ya kosa ilikuwa kwenye kitabu cha waendeshaji.

Kihansi humwaga maji Kilombero, Ruaha Mkuu huja kupitia Mtera na Kidatu, na maji ya mito yote miwili hukutana katika Mto Rufiji, ambako sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwanzoni mwa mwaka 2024. Swali la Kihansi limerudi hapo kwa ukubwa mwingine kabisa. Chini ya bwawa wapo wakulima wa mlau, wanaopanda kwenye ardhi inayoachwa na mafuriko yanaposhuka, na chini yao ipo delta yenye mikoko inayolea kamba na samaki. Mikoko huhitaji tope ambalo bwawa hulizuia, na mpunga wa delta huhitaji maji baridi ya kutosha kuisukuma bahari nyuma. Mkulima wa mlau huhitaji mafuriko, lakini kwa kiasi na kwa wakati wake: Aprili 2024, mvua kubwa ilipofuatana na maji yaliyofunguliwa bwawani, mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilizama. Kabla ya bwawa wazee walijua mto unapanda mwezi gani kwa kutazama mvua na rangi ya maji. Sasa mto hupanda milango inapofunguliwa, na taarifa ya kufunguliwa kwake lazima ifike kwa mkulima aliye ukingoni siku kadhaa kabla ya maji.